Shangazi wa Sura ya 12

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Jamani leo nimefika mapema nikakaa pale karibu na mlango nasalimiana na watu, na ndani ya hiyo nusu saa watu wanne, nimewahesabu, wanne, wameniuliza swali lilelile kwa midomo minne tofauti. Kaka mmoja kaniambia "bro, kitabu changu kina maneno 32,000, sasa hii ni riwaya au nimeandika barua ndefu?" Dada mwingine ana maneno 180,000 na hajamwonyesha mtu hata mmoja, anasema akiyaangalia anaona aibu. Nikasema basi, yale mambo ya makava niliyokuja nayo tutayaongea siku nyingine, leo tuongee urefu.

Na ntaanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Urefu wa riwaya una bili, na bili ina mtu anayeilipa. Kila namba uliyowahi kuambiwa kwamba riwaya lazima ifike maneno kadhaa, ukiifuatilia mpaka ilikotoka unakuta kuna mtu alikuwa anapiga hesabu zake, mara nyingi za hela, na msomaji kwenye hizo hesabu hata hakuulizwa.

Mfano. Uingereza karne ya 19 riwaya ilikuwa inatoka kwa juzuu tatu, ndo ilikuwa fasheni. Bei yake ilikuwa ya kutisha, shilingi 31 na nusu za wakati ule, kwa hiyo watu hawakuwa wananunua, walikuwa wanaazima kwenye maktaba za kulipia. Maktaba kubwa ilikuwa ya bwana mmoja anaitwa Mudie, ilianza 1842, ukilipa ada ya mwaka ya chini unapewa juzuu moja kwa wakati, ukirudisha unapewa nyingine. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye maktaba: riwaya moja ya juzuu tatu inasomwa na watu watatu siku hiyohiyo, huyu yuko la kwanza, huyu la pili, yule anamalizia. Ungeacha? Basi waandishi wakawa wanavuta hadithi mpaka ifike tatu hata kama ilikuwa na pumzi ya juzuu moja na nusu, barua zinapotea, wajomba waliodhaniwa wamekufa wanarudi, mgonjwa anaumwa sura sita. Mwaka 1894 maktaba zenyewe zikaona rafu zimejaa na hesabu hazilipi, zikawabana wachapishaji, na ndani ya miaka michache ile fasheni ikafa. Hamna msomaji aliyeamka asubuhi akasema sasa napenda vitabu vifupi. Walioamua ni wenye rafu.

Na inakwenda upande wa pili pia. Mwandishi wa Marekani Stephen King mwaka 1978 alitoa riwaya yake The Stand ikiwa imekatwa kama kurasa 400 za mswada, na mwenyewe ameeleza kwamba hazikukatwa kwa sababu ni mbovu, zilikatwa kwa sababu watu wa uhasibu walipiga hesabu za gharama na bei wakaona kitabu kimezidi. Mwaka 1990, jina lake lishakuwa kubwa, ikatolewa upya na zile kurasa zikarudi, ikawa na kurasa zaidi ya 1,100, watu wakanunua tena.

Msije mkafikiri hayo ni ya zamani. Julai 2014 Amazon walianzisha Kindle Unlimited, huduma ya vitabu vya kidijitali, msomaji analipa kwa mwezi anasoma anachotaka. Mwanzoni mwandishi alikuwa analipwa pale msomaji anapofika asilimia 10 ya kitabu, na malipo ni yaleyale kiwe kitabu cha kurasa 30 au 600. Asilimia 10 ya kurasa 30 ni kurasa tatu! Mtu anafungua tu aone jina la mhusika, tayari umelipwa. Nadhani mnajua kilichotokea, vijitabu vikamiminika, hadithi moja inakatwa vipande sita. Tarehe 1 Julai 2015 wakabadilisha, wakaanza kulipa kwa kila ukurasa uliosomwa, chini kidogo au juu kidogo ya nusu senti ya Marekani, na ghafla kila mtu akawa na hadithi ndefu, wengine wakawa wanashindilia vitabu vya zamani nyuma ya kitabu kipya ili kurasa ziongezeke, mpaka ikabidi pawekwe kikomo cha kurasa 3,000 kwa kitabu. Waandishi walewale, wasomaji walewale. Kilichobadilika ni njia ya kulipa tu na urefu ukafuata kama mkia.

Sasa turudi kwa kaka wa 32,000, uko wapi? Aah, umejificha. Ile namba ya 40,000 inayokunyima usingizi ni mstari wa tuzo, kina Hugo na Nebula za hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, wao wanasema kuanzia maneno 40,000 ni riwaya, chini ya hapo mpaka 17,500 ni novela. Wameweka mstari ili wajue nani ashindane na nani, kama uzito kwenye ndondi, na bondia wa uzito mdogo bado ni bondia na anaweza kukung'oa jino. Ile 50,000 nyingine inatoka kwenye lile shindano la kuandika mwezi Novemba lililoanza 1999, siku 30 maneno 50,000, ilikuwa njia ya kuwafanya watu wakae kwenye kiti waandike, hakuna aliyesema hapo ndipo hadithi inapoiva. Na Shamba la Wanyama je? Kitabu cha Orwell, Kawegere akatutafsiria mwaka 1967, kwa Kiingereza kina maneno kama 30,000 tu. Pungufu ya yako wewe kaka. Sijawahi kusikia mtu kakirudisha dukani kwa sababu ni kifupi. Kusadikika nayo unaiweka mfuko wa koti.

Alafu kuna jambo moja huwa linanikera sana na sioni watu wakilisema. Hizi namba zote zimepimwa kwa Kiingereza. Sisi tunaandika Kiswahili! Chukua neno "hatutawaambia". Hilo ni neno moja, kompyuta inakuhesabia moja. Mwingereza kusema hilohilo anahitaji maneno matano. "Asingelikuja", moja kwako, matano kwake. "Nilipomwona", moja kwako, manne kwake. Kweli na sisi tuna zile ya, wa, na, kwa zinazojazia kidogo, lakini bado hadithi ileile ukiiandika kwa Kiswahili idadi ya maneno inashuka, na maneno yenyewe ni marefu kwa hiyo kwenye karatasi unakuta kurasa zinakaribiana. Sasa mtu ana mswada wa maneno 32,000 ya Kiswahili anajilinganisha na kipimo cha Kiingereza, anajiona mfupi, anaanza kuongeza. Unajipima nguo kwa mwili wa mtu mwingine. Ukitaka kujua kitabu chako ni kirefu kiasi gani kipange kwenye saizi ya ukurasa utakayochapa, fonti ileile, uone kimetoka kurasa ngapi, alafu mpe mtu mmoja asome na umwulize kimemchukua siku ngapi.

Na hapo kwenye kuanza kuongeza ndo nataka niwape aibu yangu.

Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza ina maneno 38,000. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikampelekea kaka mmoja aliyenitangulia kwenye haya mambo, mtu ninayemheshimu mpaka leo, hakufungua hata faili, akauliza tu "ina maneno mangapi?" nikamwambia, akasema "mdogo wangu hiyo siyo riwaya, rudi ukaandike." Nikarudi. Wiki saba nikaongeza mpaka 71,000. Mnajua nilichofanya? Niliweka ndoto. Kila mhusika akawa anaota. Niliweka mvua. Na nilimleta shangazi. Sura ya 12 shangazi wa mhusika mkuu anafika na begi lake, hatujawahi kumsikia kabla, anakaa sura tatu, anaongea, anacheka, anasimulia ujana wake, sura ya 15 anaaga anaondoka na hatajwi tena mpaka mwisho wa kitabu. Hadithi ilikuwa inahusu wizi.

Na ntawasomea sentensi moja ya kipindi kile, nimeileta makusudi nijiadhibu: "Alinyanyua mkono wake wa kulia, akakishika kitasa cha mlango, akakizungusha taratibu, mlango ukafunguka, akaingia ndani, akaufunga mlango nyuma yake." Maneno 19. Kwenye drafti ya kwanza ilikuwa "Akaingia." Neno moja na lilikuwa linatosha. Na sisemi kitasa ni dhambi, subirini. Kama nyuma ya huo mlango kuna maiti na msomaji anajua ipo na huyu anayeingia hajui, basi nipe kitasa, nipe ubaridi wa kitasa, nipe bawaba inavyolia, ntakushukuru. Ila huyu bwana wangu alikuwa anaingia kuchukua miwani.

Kitabu kikatoka. Watu walikuwa wapole, mnajua watu wetu, hawapendi kukuumiza. Dada mmoja akaniambia "kaka kitabu kizuri, ila pale katikati nilikiweka kidogo." Kidogo ilikuwa miezi minne. Mwingine mkweli zaidi, akaniandikia mstari mmoja tu: "Yule shangazi alikuja kufanya nini?"

Nikaja kutoa toleo la pili, nikakata maneno 24,000, ndoto zote nje, mvua nikaacha moja, shangazi na begi lake nje. Kitabu kikawa kama mtu aliyevua koti la mvua. Nikajipongeza sana. Alafu siku moja napata ujumbe kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa amesoma toleo la kwanza akamnunulia mwanae la pili, ananiuliza kwa uchungu kabisa, "shangazi umempeleka wapi? Yule ndo mtu pekee aliyekuwa anacheka mle ndani."

Nikakaa. Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimemleta shangazi kwa ajili ya namba, na nikamfukuza kwa ajili ya namba, mara zote mbili sikumwangalia yeye usoni. Nikarudi kumsoma kwenye faili la zamani, na jamani, yule mama alikuwa sahihi, kurasa kama nane kati ya zile arobaini zilikuwa hai kuliko kitu kingine chochote nilichoandika mwaka ule. Kwa hiyo mkisikia watu wanawaambia "kata, kata, kata" na nyie mkakata kwa rula, mnafanya kosa lilelile la waliowaambia ongeza.

Sasa bili ya mwandishi anayejichapia mwenyewe, hapa ntapita haraka maana mtaniuliza baadaye. Ukichapwa na kampuni, urefu inalipia kampuni. Ukijichapia analipa nani? Wewe, na unalipa kabla hujauza hata nakala moja. Wahariri wengi wanatoza kwa neno, kwa hiyo maneno 180,000 yanakula karibu mara sita ya maneno 32,000, na wala hawakupi punguzo kwa sababu umechoka. Uchapaji unapanda kwa ukurasa. Maneno 180,000 ukiweka 300 kwa ukurasa ni kurasa 600, na kwenye huduma ya Amazon ya kuchapa nakala kwa oda kikomo cha wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kwa saizi nyingi, ni kurasa 828, kwa hiyo dada bado unaingia, ila kila nakala ikitoka mashine imeshakula sehemu nene ya hela yako. Kifupi nacho kina adha zake. Palepale Amazon kitabu kisipozidi kurasa 79 hawaruhusu maandishi kwenye mgongo, kwa hiyo kikisimama kwenye rafu kinakuwa bubu, jina halionekani. Na kwenye kitabu cha kidijitali ukiuza chini ya dola 2.99 unabaki na asilimia 35, ukiuza kuanzia hapo mpaka 9.99 unaweza kupata 70, ndo maana wenye hadithi fupifupi wengi wanaziunga tatu nne wanauza kama kitabu kimoja.

Kitabu cha kusikiliza ndo kichekesho. Anayerekodi akikisoma kwa sauti anakwenda kama maneno 9,000 kwa saa, na analipwa kwa saa iliyokamilika, kwa hiyo 180,000 ni kama masaa 20 ya kumlipa mtu, unaweza ukalia. Lakini msikilizaji anayelipa kwa mwezi apewe tiketi moja ya kitabu, tiketi hiyohiyo inanunua masaa manne au masaa 20, wewe ungechagua kipi? Anachagua kirefu. Yaani mtu yuleyule ambaye kwenye karatasi anakikwepa kitabu kinene, kwenye sikio anakitafuta.

Ndo maana nasema ukiuliza "wasomaji wanapenda vifupi au virefu" umeuliza vibaya. Msomaji bili yake ni muda. Mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya anakwenda kama maneno 250 kwa dakika, ukichukua hiyo kama kipimo cha juujuu tu, kitabu cha 32,000 ni masaa mawili na kidogo, cha 180,000 ni masaa 12. Masaa mawili ni jioni moja. Masaa 12 kwa mtu mwenye kazi na watoto ni wiki tatu za kuiba dakika, na ukimwibia dakika moja kwa kitasa cha mlango atakukumbuka. Lakini mtu huyohuyo akiwa ameingia kwenye ulimwengu wa kubuni wenye falme saba na lugha zake atakasirika ukimtoa baada ya masaa mawili, atasema ndo kwanza nimevua viatu. Wa mapenzi anataka afike kwenye busu kabla hajasahau walikutanaje. Wa upelelezi anahesabu washukiwa. Kila mmoja anaingia akiwa na kipimo chake kichwani na wewe ulimpa kipimo hicho, kwenye kava, kwenye maelezo ya nyuma, kwenye ukurasa wa kwanza unavyopumua.

Na hapa kuna kitu kidogo nimekigundua kwa kujiangalia mwenyewe. Ukisoma kitabu cha karatasi mkono wa kulia unajua. Unasoma, kurasa za kulia zinapungua, dole gumba linahisi mwisho unakuja, moyo unajiandaa. Kwenye simu dole gumba halijui kitu, unachoangalia ni asilimia. Sasa umefika asilimia 88, mwizi anakaribia kukamatwa, unajua bado kuna nafasi, bado kuna mgeuko, unafungua ukurasa, "MWISHO", alafu asilimia 12 iliyobaki ni matangazo ya vitabu vingine vya mwandishi na sura mbili za bure za kitabu kijacho. Mimi hilo limenitokea na nilitaka kurusha simu. Hadithi yenyewe haikuwa fupi hata kidogo, ila nilijiona nimepunjwa. Kwa hiyo nyie mnaojipangia vitabu wenyewe, hayo matangazo yawe ukurasa mmoja, yaishe.

Dada wa 180,000, nakuona unanikodolea. Najua unachotaka kuuliza, nigawe mawili? Inategemea katikati kuna nini. Kama pale kwenye maneno 90,000 kuna mlango unaofungwa kweli, mtu anakufa, vita inaisha, swali lililofungua kitabu linajibiwa na jingine linazaliwa, gawa, utauza mara mbili na hakuna atakayekulaumu. Kama pale katikati ni Jumanne tu na watu wanaendelea na safari, usigawe, maana utauza nusu ya daraja, na anayenunua nusu ya daraja huwa haji kununua nusu ya pili, anakuja kukuandikia maoni ya nyota moja. Njia rahisi ni kuanza fupi na kurefusha kwa kuitwa. Mwandishi Hugh Howey mwaka 2011 alijichapia hadithi moja fupi kwenye Kindle, Wool, kama maneno 12,000, akaiacha pale. Wasomaji ndo wakaanza kumsumbua wakitaka iendelee, akaandika sehemu nyingine nne, mwanzoni mwa 2012 zimekamilika, zikaunganishwa zikawa riwaya nene. Pale bili ya urefu wasomaji walijiandikisha wenyewe kuilipa.

Mimi shangazi nimempa kitabu chake. Kimefika maneno 14,000 na anaonekana anakaribia kuaga, na safari hii nikiona ameshika begi simzuii.

Nimeambiwa nimebakiwa na dakika tano na mimi siyo mtu wa kusema maneno ya kujazia, sasahivi mnajua kwa nini. Maikrofoni ipo pale pembeni. Dada mwenye daftari la kijani ndo alinyoosha mkono wa kwanza, karibu.